Kwa Nini Waandishi wa Programu Hufungua Kisichoharibika

Hapo kale, kompyuta zilipokuwa chache na kubwa kama makabati, waandishi wa programu walikuwa wadadisi kama mbuzi: hawakupita penye kitu bila kukionja. Walifungua, wakaharibu, wakacheka, wakatengeneza upya. Baadaye watu wakaanza kuzitegemea kazi zao, na hofu ikaingia. Siku moja, juu ya mistari minne ya programu, likaonekana neno moja: USIGUSE. Nani aliliandika? Hapo tumekwama mpaka leo. Tumewauliza wakongwe wote, na kila mmoja humtaja mwenzake.

Mistari hiyo ilikuwa ndani ya programu iliyogawa maji ya mji wa Kilembwe. Mitaa yote ilipata maji alfajiri, isipokuwa Mtaa wa Juu, uliopata adhuhuri. Hakuna aliyejua sababu, wala aliyethubutu kuitafuta. Waandishi walitunga programu nyingine ya kuizunguka ile, kisha nyingine ya kuizunguka hiyo, kama mtu anayejenga vyumba kulizunguka jiwe asilotaka kulisogeza.

Siwatu alikuwa mgeni kazini, naye aliishi Mtaa wa Juu. Kila asubuhi alinawa uso kwa kikombe kimoja, na mama yake alikoroga uji kwa maji ya jana.

"Mzee, ndani ya ile mistari mna nini?" alimwuliza Mzee Mbonde, mkuu wa waandishi hao.

"Mna riziki yako, mwanangu. Iache."

"Dada Siwatu anataka kuoga asubuhi kama sultani!" mmoja akamtania, wengine wakacheka.

Siwatu naye akacheka, lakini kesho yake akauliza tena, na keshokutwa, hata mzee akachoka. "Haya, fungua. Ila mji ukikauka, usirudi hapa."

Alifungua. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne aliinamia meza, mabega yakimtikisika. Wenzake walidhani analia.

"Kumeharibika nini?" mzee akauliza.

"Inasema maji ya Mtaa wa Juu yacheleweshwe kwa saa sita," Siwatu alijibu akifuta machozi ya kicheko, "saruji ya tangi jipya ipate kukauka."

"Tangi jipya lipi?"

"Lile la mtaani kwetu lililoota nyasi, Mzee! Saruji yake ilikauka kabla sijaanza shule."

Akaifuta mistari yote minne. Alfajiri iliyofuata maji yalishuka Mtaa wa Juu kwa kishindo, ndoo zikagongana, mama yake akapiga vigelegele. Hakuna mtaa uliokauka.

Hakuna aliyemlaumu Mzee Mbonde, maana kuogopa kuwanyima watu maji si kosa. Akaitisha kikao, wakaamua hivi: kila Alhamisi baada ya chai, kila mmoja afungue programu moja isiyo na kasoro na isiyoweza kumdhuru mtu, aichokonoe mpaka aielewe.

Na tangu siku hiyo, waandishi wa programu hufungua hata kisichoharibika. Wa kwanza kuutekeleza uamuzi huo alikuwa Mzee Mbonde mwenyewe. Aliifungua programu ya kengele ya ofisi, akakosea mstari mmoja, kengele ikalia mara arobaini. Naye akavuta kiti karibu, apate kujua kwa nini.