Senti Yenye Tundu Juu ya Paa la Mjane

Ndugu zangu, alikuwako mwalimu mmoja mstaafu aliyekusanya senti zenye tundu katikati, zile za enzi za Mwingereza. Alizipanga katika kisanduku cha mbao, kila mwaka senti moja, wala hakuweka ya ziada. Nafasi zilikuwa arobaini na moja, lakini senti zilikuwa arobaini. Kila jioni alizihesabu, na kila jioni ile nafasi tupu ilimkodolea macho.

Siku moja jirani yake, mama mjane, alimwomba amwondolee majani yaliyoziba mfereji wa paa. Mwalimu akapanda ngazi. Kule juu, chini ya kichwa cha msumari mmoja, marehemu mume wa mjane alikuwa ameweka senti yenye tundu ili maji yasipenye. Mwalimu akaifuta kwa kidole, akasoma mwaka. Ndio huo!

"Mama, naiomba hii senti!"

Mjane akacheka. "Na wewe, Mwalimu! Senti isiyonunua hata njugu? Haya, chukua. Ila uniwekee nyingine hapo hapo. Chini yake pana mbegu zangu za maharage."

"Nakuletea sasa hivi."

Akang'oa msumari, akaenda kwake. Nafasi ya arobaini na moja ikajaa. Kisha akaanza kuchagua ya kumpelekea. Hii? Hapana, hii bado ina mng'ao wake. Ile? Ile aliitafuta miaka sita. Arobaini na moja kutoa moja ni arobaini. Si atakuwa amerudi alikoanzia? "Kesho," akajiambia, "nitamnunulia kipande cha mpira dukani."

Mvua ikanyesha alasiri ile ile.

Asubuhi mjane alikuja na ungo wa maharage yaliyovimba maji. Akautua mezani, kando ya kisanduku. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, mimi nilikupa moja niliyokuwa naitumia. Wewe, katika zote hizi, umekosa moja usiyoitumia?"

Ndugu zangu, mtu huyu hakuiba. Aliomba, akapewa. Hilo ndilo linalonitisha, kwa maana sisi nasi tuliomba, tukapewa. Tuna maneno ya Mungu vichwani, kila moja limepangwa mahali pake. Paa la nani linavuja huku sisi tukichagua? Usiniambie kesho. Ukifika nyumbani, fungua kisanduku chako, utoe moja. Ngazi bado imeegemea ukuta wa jirani.