Nyamizi na Walinzi wa Bonde la Chumvi

Sogeeni, wajukuu zangu, karibuni na moto. Zamani ninayoisema ni ya mbali. Hata bibi yake bibi yangu aliisikia kwa watu.

Kulikuwa na bonde lenye chemchemi za maji ya chumvi. Bonde hilo halikuwa na mtemi, halikuwa na jumbe, halikuwa na askari. Mwenye chumvi aliuza, mwenye mtama aliuza. Mkikubaliana, haya, msipokubaliana, kila mtu kwake. Mnasikia? Kila mtu kwake.

Humo aliishi Nyamizi, mjane, mchemshaji wa chumvi. Wanyang'anyi walipoanza kuvizia njiani, yeye ndiye aliyetangulia kumwajiri Lugendo na vijana wake wenye mikuki. Na Lugendo alifanya kazi, tusimsingizie. Wanyang'anyi walikimbia. Basi watu wakamwajiri, wakamwajiri, wakamwajiri, mpaka walinzi wengine wakakosa kazi. Baadhi wakajiunga naye, waliokataa akawafukuza. Akabaki peke yake.

Ndipo ujira ukapanda. Ukapanda tena. Nyamizi akamwendea.

"Ndugu yangu, ahsante kwa kazi. Kuanzia leo nitajilinda mwenyewe."

Lugendo akacheka. "Mama, hilo haliwezekani."

"Kwani wanyang'anyi wamerudi?"

"Hawajarudi."

"Sasa utanilinda na nani?"

Lugendo akauegemea mkuki wake. "Na mimi."

Loo! Jibu gani hilo, wanangu?

Kulipokucha vijana wake wakaja, wakavunja vyungu vya Nyamizi kimoja kimoja, majirani wakitazama. Moyo ulimuuma, maana vingine aliachiwa na marehemu mama yake. Lakini hakulia mbele yao. Akaokota kigae kikubwa, akakitua mafigani, akamimina maji ya chumvi, akapuliza moto.

"Vunjeni na hiki," akasema. "Nitachemshia kiganjani!"

Jirani yake Kabula, ambaye hofu ilikuwa imemfunga mdomo, akainuka akazima moto wake. Mwingine akazima. Mwingine akazima. Bonde zima likakosa moshi.

"Hatuchemshi!" wakasema. "Na mtu wa Lugendo hauziwi uji hapa, hauziwi mtama, hapewi hata maji!"

Lugendo akafoka, "Nani kawatuma? Ninyi hamna mtemi!"

"Hatuna," akajibu Nyamizi, "wala wewe hatukukuajiri uwe mtemi!"

Lugendo akamchomea nyumba. Nyamizi akahamia kwa Kabula. Lugendo akatuma vijana wakapore mtama, wakakuta wanawake mlangoni wameshika michi, hakuna anayerudi nyuma. Na mikuki, wanangu, haichemshi chumvi. Njaa ikawauma walinzi, wakaanza kutoroka mmoja mmoja, mwishowe Lugendo naye akashika njia. Hakuna aliyemuaga.

Watu wakaketi kikao, wakakubaliana kwamba mlinzi ataajiriwa na wote, na akiambiwa aondoke, aondoke. Wakashangilia. Nyamizi hakushangilia.

"Na kikao hiki," akasema, "siku kitakapotuamrisha kwa mikuki, nitakigomea vilevile."

Walijua hatanii.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: mtu asiyekubali umwambie "sitaki" hafanyi biashara nawe, hata akitabasamu, hata kama jana alikufaa. Mwambieni "sitaki" mapema, tena mwambieni mkiwa wengi.

Mimi nimeutua mzigo wangu wa maneno. Mwenye mabega na aubebe.