Mfungo wa Amma Askala

Inasimuliwa kwamba katika milima ya Uhabeshi, zama za wafalme ambao hata majina yao yamesahaulika, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake kumi na saba, na miongoni mwao alikuwamo mmoja aliyeitwa Amma Askala. Amma maana yake mama. Ndivyo watu wa nyumba ile walivyowaita waliotangulia katika utawa. Nimekwisha kuwasimulia habari za waja wema walioshindana na simba, na wengine walioshindana na majoka. Huyu alishindana na uji. Msicheke, wapendwa, kisa chenyewe si cha kuchekesha.

Kanuni ya nyumba ile haikuwa nzito. Watawa walilima shayiri na dengu, walisali, na saa tisa alasiri waliketi pamoja kula mlo mmoja wa siku: mkate wa shayiri, dengu, mboga za majani kutoka bustanini, na siku za sikukuu mafuta kidogo na asali. Kilikuwa chakula cha kutosha, kisichomlaza mtu na njaa wala kumlemea asiweze kusali. Ila palikuwa na desturi moja. Mtawa aliyetaka kufunga zaidi ya kanuni, kwa dhiki yake au kwa dua yake, aliligeuza bakuli lake kifudifudi mezani, na hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza sababu. Waasisi waliiweka desturi ile ili saumu ibaki siri ya mja na Mola wake. Lakini jamani, bakuli lililogeuzwa katikati ya meza, nani asilione? Miaka ilipopita, wakaanza kuchunguzana.

Amma Askala alianza kuligeuza lake mwaka alipomzika binti yake wa pekee, aliyemzaa kabla ya kuingia utawani. Aligeuza Jumatano na Ijumaa, kisha Kwaresima nzima, kisha siku zote isipokuwa Jumapili. Alifanya hivyo kwa moyo mnyofu, Mungu shahidi. Huzuni ilikuwa imemkaba na chakula hakikupita kooni. Habari zikashuka hadi mabondeni. Watu wakaanza kupanda mlima kumtazama mtawa asiyekula, na wanawake wakaleta watoto wagonjwa waliguse bakuli lake. Naye aliketi kizingitini akiwabariki mmoja mmoja, tangu asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwaka wa sita, mwili ulikataa. Alianguka kisimani, mtungi ukavunjika, na aliyemwokota alikuwa Dada Sebla, mtawa wa jikoni, mwanamke mwenye mwili wa haja na mdomo usiojua kunyamaza. Siku ile mdomo ulinyamaza. Alimbeba hadi ghalani, akampikia uji wa shayiri wenye mbegu za kitani, akamnywesha kama mtoto. Alfajiri ya kesho yake uji ulikuwa tena palepale, nyuma ya magunia, umefunikwa. Askala akanywa. Akajiambia, Jumapili nitawaeleza wenzangu. Jumapili ikaja na wageni wengi hata ua haukutosha, akasema basi, Jumapili ijayo. Hivyo hivyo, kesho na keshokutwa, miaka miwili ikakatika.

Alichoka, wapendwa. Tena hakuchoka kwa njaa, maana njaa ilikuwa imekwisha. Alichoka kuamka kabla ya wengine ili ale kama mwizi, na kufuta mdomo kwa ncha ya ushungi. Alichoka kukaa saa tisa mbele ya bakuli lililogeuzwa, dengu zikinukia, wenzake wakimtazama kwa taadhima. Watu walipombusu mkono alitamani kuuficha. Alipopiga magoti kusali hakupata neno lolote la kumwambia Mungu. Alisikia usingizi tu, akaona haya, akasinzia palepale.

Ndipo akaja Hirut. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwenye mashavu ya kujaa na sauti nzuri ya kuimba zaburi. Alikuja kujifunza utawa, na alikuja kwa ajili ya Amma Askala. Tangu utotoni mama yake alikuwa akimwambia habari zake. Akapewa nafasi ya kuketi mezani ubavuni pake. Wiki ya tatu, naye akaligeuza bakuli lake. Wenzake wakampongeza kwa macho. Mwezi ulipokwisha mashavu yalikuwa yamebonyea. Mwezi wa nne nywele zilimtoka zikabaki kwenye ushungi, alitetemeka kwa baridi katikati ya jua, na zaburi akaziimba kwa kunong'ona.

"Amma, yule mtoto anakufuata wewe," Sebla alisema siku moja akikanda unga, bila kuinua uso. "Na wewe unafuata chungu changu. Sasa yeye anafuata nini?"

"Nitamwambia ale."

"Haya, mwambie. Tuone."

Askala akamwendea Hirut na kipande cha mkate, akamsihi ale. Binti akatabasamu kama aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Lazima niwaeleze: katika nyumba ile palikuwa na mazoea ya mlezi kumjaribu anayejifunza utawa. Alimletea chakula siku ya mfungo na kumbembeleza, mara tatu, siku tatu mbalimbali. Anayekula ameshindwa, anayekataa kwa adabu amefaulu.

"Hili jaribu la kwanza, Amma," Hirut alisema, akausogeza mkate pembeni kwa heshima. Siku ya pili alikataa tena. Siku ya tatu Askala alimsihi kwa machozi, machozi ya kweli, na binti akambusu mkono. "La tatu. Namshukuru Mungu, nimeshinda."

Askala alitoka nje akaegemea ukuta. Alitaka kucheka, alitaka kulia, hakuwa na nguvu ya lolote katika hayo. Alijua dawa. Ilikuwa ni kusema neno moja, tena fupi. Lakini akiwaza nyuso za watu wale wanaopanda mlima na watoto wao mgongoni, ulimi ulimwia mzito. Akajiambia angoje kidogo, labda Mola atafungua njia nyingine. Hata waja wema hujidanganya, msidhani ni sisi tu.

Siku ya sikukuu ya mavuno, Hirut alianguka juu ya jiwe la kusagia. Alipoinuliwa alikuwa mwepesi hata Sebla akaguta, "Ee Mungu wangu!" Wakamlaza juani uani, kwenye mkeka, maana alikuwa wa baridi mwili mzima. Ua ulikuwa umefurika wageni waliokuja kubarikiwa. Wakamzunguka wakinong'onezana kwamba mtakatifu mdogo anaondoka.

Sebla akamvuta Askala kando. "Asipokula leo, Amma, kesho usiniulize kitu."

Amma Askala akaenda jikoni, akachota uji, akarudi nao uani. Akaketi mkekani karibu na Hirut, akaunywa mbele ya watu wote, funda kwa funda, mpaka nusu ya bakuli. Kisha akamnyooshea bakuli. "Mwanangu, umeona nimekunywa. Nawe kunywa."

Hirut alimtazama, macho yakamjaa machozi. "Amma, umevunja saumu ya miaka minane kwa ajili yangu? Mimi ni nani? Sistahili." Akageuza uso, akakaza midomo.

Na wale wanawake uani, jamani! Walilia kwa sauti, wakapiga vigelegele. Wakasema, oneni upendo, mtakatifu ameitoa saumu yake kwa ajili ya mtoto wa watu. Mmoja akainama kuligusa vazi lake.

Hapo ndipo mtihani wake ulipokuwa, wala si kwenye njaa. Angenyamaza tu, wangemsifu kuliko jana, wangemzika kwa heshima akifa. Na Hirut angezikwa kesho. Askala aliuangalia ule mkono wa mwanamke uliolishika vazi lake, akausikia uchovu wa miaka yote miwili ukimshukia kwa pamoja, akaona hawezi kuubeba tena hata hatua moja.

"Sikuivunja leo," akasema. "Niliivunja miaka miwili iliyopita. Kila alfajiri nakula uji ghalani, nyuma ya magunia. Dada Sebla ananipikia. Ninyi mmekuwa mkinibusu mkono na mimi nimeshiba."

Vigelegele vikakatika. Mwanamke aliyelishika vazi akaliachia. Mwingine akamnyanyua mtoto wake, akamfunga mgongoni, akaondoka bila kuaga, na wengine wakamfuata. Mzee mmoja akatema mate chini. Askala hakuwatazama. Alimtazama Hirut, ambaye alikuwa amegeuka na sasa macho yake yalikuwa makavu.

"Ulinidanganya," Hirut alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na njaa, Amma. Nilikuwa na njaa kila siku, nikawa nakuangalia wewe, nikasema yeye anaweza, ubaya ni wangu."

"Hata mimi sikuweza, mwanangu. Hukuwa na ubaya wowote. Ilikuwa njaa tu."

Binti akalia kwa hasira, kilio kidogo, kwa kuwa nguvu za kilio kikubwa hakuwa nazo. Kisha akafungua mdomo. Askala akamlisha kwa kijiko cha mti, na uji mwingine ukamwagika kidevuni mwa Hirut. Baada ya vijiko vitatu Sebla akauondoa ule uji. "Basi kwanza. Tumbo lake limesahau kazi, ukimjaza utamuua kwa pupa. Tutampa tena jua likifika pale ukutani." Akaenda kuukoroga mwingine, mwepesi zaidi, akinung'unika kwamba nyumba nzima ya watu wenye akili wameshindwa kula dengu.

Inasimuliwa kwamba Amma Askala alilala alasiri ile palepale mkekani, akaikosa sala ya jioni, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Wageni hawakupanda tena mlima. Hirut alipona polepole: mwezi wa kwanza uji, wa pili mkate na mboga, na zaburi zikarudi kabla ya mashavu. Lakini hakumsemesha Askala hadi msimu wa kupanda. Askala hakulalamika, alisema binti ana haki yake. Asubuhi moja walikuwa wakipalilia dengu, Hirut akakata mkate wake mara mbili, akampa nusu, akasema, "Kaa hapa kivulini, Amma. Tule." Wakala.

Wapendwa, nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamletea tena. Aliyetuumba anajua mwili huu ni wa udongo, wala hauonei haya. Saumu ni njema, nami sitamkataza mtu kufunga. Hata Bwana wetu alifunga, kisha akala, tena akala pamoja na watu mpaka maadui zake wakamsengenya. Basi wewe unayefunga, funga. Ila kama nyumbani kwako kuna mtoto anayekutazama, mwambie na saa unayokula.