Jiwe la Zambarau la Mama Kobilo

Bisha kama unaweza. Mimi niliyeacha shule darasa la sita niliingia peke yangu kwenye machimbo ya zamani yaliyofungwa bondeni kwetu, mahali ambapo nyinyi wenye vyeti mngelia mlangoni. Nikatoka na floraiti, jiwe la fuwele, ya zambarau, kubwa kama ngumi, pembe zimenyooka kama za kiberiti kipya.

Aliyenituma ni Mzee Chesire. Maisha yake yote ameokota mawe humo, hauzi, anayapanga dirishani. Sasa magoti yamemwisha. Mkewe, Mama Kobilo, alikuwa hoi kitandani na alitaka kuliona jiwe moja zaidi kabla ya kufumba macho.

Mzee ana desturi tuliyokuwa tukimchekea. Jiwe likitoka kwenye baridi ya shimo, hulifunga kwa gunia bichi na kuliacha pale mlangoni mwa shimo siku tatu, lizoee joto taratibu. Tulimwambia analea mawe kama mzazi.

Siku hiyo nilimkuta ananingoja na gunia lake.

"Liache hapa siku tatu," akasema.

"Mzee, mama anazo hizo siku tatu?"

Akainama kulikunjua gunia. Nikajua nimemshinda kwa hoja, nikakimbia na jiwe hadi nyumbani kwao.

Likapasuka vipande vinne kabla Mama Kobilo hajaliona. Mzee alipofika akichechemea, nikamwambia lilikuwa na ufa wa zamani ndani. Mama akaomba vipande, akavishika, akavirudisha, akageukia ukutani. Alfajiri hakuamka.

Baada ya mazishi nikamwambia Mzee kwamba bora nilikimbia, siku tatu asingezifikisha.

"Asubuhi ile nilimwambia jiwe litafika siku ya tatu," akasema Mzee. "Akaomba uji, naye alikuwa na wiki nzima hajala. Akataka mto wa kuegemea, ajizoeze kukaa, asije akalipokea amelala."

Tangu hapo anajilaumu kwa kunielekeza kwenye ukuta wa shimo wenye mawe mabovu. Mawe yake ameyaondoa yote dirishani.

Sasa niseme nilichoruka. Jiwe halikuwa na ufa wowote. Nililimwagia maji ya moto ya birika ili ling'ae, Mama anisifu.

Msambazie umtakaye ujumbe huu. Mzee hana simu.

Funzo: Haraka yako ikivunja kitu cha mtu, usimwachie yeye lawama.