Matone Mawili na Mstari

Zamani hizo, majabali ya nchi yetu yakiwa bado hayajapewa majina, jicho la binadamu lilikuwa nyofu. Liliona kilichopo, likaishia hapo. Jiwe lilikuwa jiwe, wingu lilikuwa wingu. Watu hawakushtuka ovyo, lakini walikufa ovyo, kwa sababu chui aliyejilaza nyasini alikuwa kwao nyasi tu, hadi aliporuka.

Nshoma alikuwa fundi wa kupamba kuta za nyumba kwa udongo mwekundu. Mumewe, Lugembe, alikamatwa na chui mchana kweupe, hatua kumi tu kutoka alipokuwa amesimama yeye. Nshoma alikuwa ameyatazama majani yale yale, asione kitu. Baada ya hapo hakuthubutu kumwachia mkono bintiye, Holo, hata kwenda kisimani.

Akaazimia kuwafundisha watu kumwona chui. Alichora juu ya jabali chui mzima, na mkia wake na mabaka yake yote. Watu wakatazama, wakasema, "Udongo mzuri huo." Akafuta mkia. Akafuta mgongo, mabaka, masikio. Kila alipofuta, mwili ulimsisimka zaidi, wala hakujua kwa nini. Mwishowe yakabaki matone mawili na mstari mfupi chini yake. Holo akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mamaye.

"Mama, nani huyo anatutazama?"

Nshoma akaligeukia tena jabali. Naye aliuona uso. Watu wakaitwa, na kila aliyefika alirudi nyuma.

Siku ya tatu, njiani kwenda kisimani, Holo akasimama ghafla.

"Mama," akanong'ona, "nyasi zina macho."

Safari hii Nshoma aliona. Wakarudi kinyumenyume, polepole, bila kuyapa kisogo macho yale, mpaka wakawafikia wanaume wenye mikuki. Chui akauawa.

Kijiji kilifurahi siku moja tu. Kesho yake uso ulikuwa kwenye kibuyu, kwenye ubao wa mlango, kwenye moshi. Wachungaji walikimbia visiki. Mzee Shigela, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiogopa, alikuja akitetemeka. "Mwanangu," akasema, "tufutie."

Nshoma akalisugua jabali kwa majivu na mchanga hadi vidole vikatoka damu. Mchoro ukafutika. Alipoinua kichwa apumue, wingu lilikuwa linamtazama.

Na tangu siku hiyo, mtu akionyeshwa matone mawili na mstari huona uso, na moyo wake hudunda kabla akili haijafika. Ndiyo maana mtoto hulia akiona shati lililotundikwa ukutani. Msimcheke. Mshikeni mkono, mwambieni ni shati. Kisha, kabla hamjatoka chumbani, litazameni tena ninyi wenyewe.