Sharti la Bwana Shekiondo

Gesti ya Bwana Shekiondo ilikuwa karibu na ufukwe kweli: mchanga ulifika mpaka kitandani. Sharti lake lilikuwa moja tu: anayekula chakula cha nje anafukuzwa, na kodi harudishiwi. Basi wageni walikula wali wake wa jana, wakashukuru.

Siku moja alinusa pilau, akaingia chumbani kwa Bi Siwema. Watoto walikuwa wamelizunguka sinia, wameshanawa.

"Chakula cha nje! Tokeni!"

"Shikamoo, mzee. Karibu kwanza. Wanangu hawatii mkono kabla ya mkubwa."

"Marahaba." Mkubwa akakaa, akala mpaka akalamba vidole. "Haya, fungeni mizigo."

"Mizigo ya nani, mzee? Aliyekula ni wewe. Sisi hatujaonja hata punje. Watoto, mleteeni babu viatu vyake."