Wasimamizi Wawili wa Chumba Kimoja

Anayetaka kila kizuri kibaki mkononi mwake hulegeza vidole bila kujua. Ndivyo ilivyomkuta mtaalamu wa kompyuta wa hospitali moja, ambaye wauguzi wa wadi ya watoto njiti walimwita Mjomba, kwa kuwa mtoto wa dada yake alilazwa humo, mdogo kama kiganja.

Programu aliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, ilisoma joto la kila kitanda na kupiga king'ora liliposhuka. Ndani ya kompyuta aliitengea mazingira yake, mfano wa chumba chenye maktaba, yaani vifurushi vya programu saidizi, inazozihitaji tu. Lakini chumba hicho alikipa wasimamizi wawili, yaani zana mbili za kuweka na kuondoa maktaba. Zana ya zamani aliizoea. Mpya ilikuwa na kasi ya umeme. Mwenzake wa ofisini alimsihi achague moja, akamtania kwamba hata harusini atashindwa kukata shauri. Mjomba alicheka tu. Leo alitumia hii, kesho ile.

Asubuhi moja aliongeza maktaba ya michoro kwa zana mpya. Zana hiyo, kwa bidii ya mgeni, ikafuta kila kitu isichokitambua, ikiwemo maktaba ya kusoma joto iliyowekwa kwa ile ya zamani. Programu ikazimika kimya. Skrini ikabaki na namba za mwisho, zote za heri.

Mchana waya wa kupasha joto kitanda cha mpwa wake ukalegea, joto likashuka. King'ora hakikulia. Ni dada yake aliyeingiza mkono kumpapasa mwanawe, akakuta mguu wa baridi kama jiwe la mtoni.

Wauguzi walikuja mbio. Mtoto akalazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Mjomba alisimama kando, macho kwenye kile kifua kilichopanda kwa shida na kushuka. Hatimaye midomo ya mtoto ikarudiwa na rangi, naye akalia kwa sauti nyembamba.

Mjomba alikwenda kufuta chumba kizima cha programu, akakijenga upya kwa zana moja. Alirudi wadini, akamweleza dada yake jinsi zana mbili zilivyogongana.

"Dada, sasa inafanya kazi."

"Ulijua kuwa ziko mbili, na kwamba zinaweza kugombana?"

"Nilijua."

"Na mwanangu ukamwacha humo."

King'ora kilijaribiwa, kikalia vizuri. Hata hivyo, dada aliomba kipimajoto cha mkono, akaketi ameipa skrini mgongo. Programu ilipona, ila imani ya dada ilikuwa imekwenda. Hakika, mshika mbili moja humponyoka.